Pindua Soksi Kabla ya Kulipa

*Shangazi shikamoo. Mimi ni mwalimu, nasimama tangu asubuhi hadi jioni. Nyayo zangu haziwezi kitu kigumu hata kidogo: huchomachoma kwenye kisigino na nyuma ya vidole, na soksi nyingi huniacha na wekundu. Majuzi nilinunua zilizoandikwa "laini zaidi". Dukani zilikuwa laini kweli, lakini baada ya kufuliwa mara chache zimelala kabisa, na mshono wa mbele unanikata kidole cha mwisho. Nichagueje?*
*Mwalimu wa Kusimama*

Marahaba mwanangu. Hayo maandishi ya "laini zaidi" yasikushughulishe, aliyeyaandika siye aliyefuma. Kabla sijakalia kiti hiki cha kujibu barua nilifanya kazi kwenye kiwanda cha soksi, katika meza ya kuunga vidole. Soksi hufika hapo ikiwa wazi mbele, huondoka imefungwa. Tangu wakati huo sinunui soksi bila kuipindua, hata muuzaji akinikodolea macho. Upande wa nje umetengenezwa kwa ajili ya kutazamwa, na wewe hutembei juu yake.

Ipindue basi, uangalie sehemu ya unyayo. Soksi yenye mto wa kweli ina vitanzi vidogo vya uzi vilivyosimama, kama taulo la kuogea. Vitanzi ndivyo vinavyopokea uzito wako, na hewa hupita katikati yake. Kuna aina nyingine ambayo uzi wake umekwanguliwa kwa brashi mpaka ukatoa manyoya, na hiyo ndiyo inayowalaghai wanunuzi wengi. Manyoya yanapendeza mkononi na yanatia joto, ila hayana nguvu ya kubeba mtu. Yakikanyagwa na kufuliwa, yanalala na hayaamki. Nashuku ndizo ulizouziwa. Siku nyingine bonyeza kwa kidole gumba kwa nguvu, kisha achia. Vitanzi vikiinuka papo hapo, ujue vimefumwa kwa karibu. Halafu vuta kitambaa kidogo: ukiona nafasi tupu kati ya kitanzi na kitanzi, rudisha ulipoitoa.

Usidhani pia kwamba vitanzi vikijaa soksi nzima ndiyo bora. Wewe unavihitaji chini ya kisigino na chini ya ile sehemu nene iliyo nyuma ya vidole, basi. Juu ya mguu pawe pembamba, joto lipate pa kutokea na kiatu kisikubane.

Sasa mshono, na hapa nitakawia kwa sababu ndiyo iliyokuwa kazi yangu. Njia ya haraka ni kuzikutanisha kingo mbili na kuzipitisha kwenye cherehani. Ndani hubaki tuta la nyuzi, na pale linapoanzia na linapoishia, yaani kwenye kidole gumba na kidole cha mwisho, pana kinundu. Hicho ndicho kinachokukata. Njia nyingine ni kuunga kitanzi kwa kitanzi: kila kitanzi cha ukingo wa juu kinavikwa kwenye sindano moja na mwenzake wa ukingo wa chini, ndipo uzi upite. Ukiruka kimoja, tundu litafunguka baadaye. Ni kazi ya macho na subira, ingawa siku hizi zipo mashine zinazoifanya zenyewe. Soksi ya namna hiyo ina mstari bapa tu. Ili kuzitofautisha, ingiza kidole ndani na ukipitishe kwenye mshono hadi kwenye pembe zote mbili. Katikati panaweza kuwa sawa, pembe ndizo zinazosema kweli.

Zile ulizo nazo usizitupe. Zivae zikiwa zimepinduliwa, tuta liwe nje. Mto wake umeshakufa, kwa hiyo hupotezi kitu, na ndani ya kiatu nani atakuona?

Kuhusu uzi, najua wengi mnaapa kwa pamba tupu. Pamba ni laini, lakini hunywa jasho na kulishikilia, na ngozi iliyolowa ikisuguliwa huota malengelenge upesi. Isitoshe, pamba asilimia 100 hulegea, na mikunjo yake chini ya unyayo inauma kuliko mshono. Tafuta pamba iliyochanganywa na nailoni, pamoja na spandeksi, ule uzi unaovutika kama mpira, asilimia 2 hadi 5 ya kushika umbo. Kwenye lebo, uzi uliotumika kwa wingi hutajwa kwanza. Au jaribu sufu ya merino, kondoo wenye manyoya membamba. Najua sufu ina jina baya la kuwasha, lakini kinachowasha ni unene wa unyuzi wenyewe. Nyuzi zinazozidi unene wa mikroni 30 hivi (mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita) ndizo zinazochoma ngozi. Za merino nzuri hazifiki 20, na sufu huweza kubeba unyevu mwingi kabla mguu haujahisi umelowa.

Halafu kiatu. Soksi nene katika kiatu kilekile inakula nafasi, na mto uliobanwa si mto tena. Kiatu kijaribiwe jioni, miguu ikiwa imevimba kidogo, ukiwa umevaa soksi hizohizo, na mbele ya kidole kirefu kibaki kama sentimita 1. Kama kiatu kilichopo hakina nafasi hiyo, chukua soksi nyembamba zaidi. Na ule mfuko wa kisigino ukae juu ya kisigino chako. Ukipanda kwenye kifundo cha mguu, soksi ni kubwa. Ukivutwa chini ya unyayo, ni ndogo.

Ila huko kuchomachoma kukiendelea usiku umelala, au miguu ikianza kufa ganzi, hilo si la soksi tena. Nenda kwa daktari.

*Shangazi, baba yangu ana kisukari na nyayo zake zimekufa ganzi. Yeye anasema soksi yoyote inamfaa kwa kuwa hasikii maumivu. Nimnunulie zile za kubana miguu?*
*Binti wa Kwanza*

Hapana, za kubana usimnunulie mpaka daktari aseme. Mguu ambao damu inaufikia kwa shida huweza kudhurika ukibanwa. Na huko kutosikia maumivu ndiko kunakonitia hofu mimi. Mtu mwenye hisia akisuguliwa na mshono huvua kiatu. Mzee ataendelea kutembea mpaka pachubuke, na kidonda cha mguu kwa mwenye kisukari si jambo dogo.

Mtafutie soksi zenye mdomo uliolegea, zisizomwachia alama ya kuzunguka mguu anapozivua. Mshono uwe bapa au usiwepo, mto uwe wa wastani, na rangi ya ndani iwe nyeupe au nyingine isiyokolea. Rangi si urembo hapa: doa la damu au usaha huonekana mara moja kwenye soksi nyeupe, kwenye nyeusi litajificha. Zikitoboka zitupwe, zisitiwe kiraka wala kushonwa, maana kovu la uzi nalo linachubua. Abadilishe kila siku.

Kila jioni mtazame nyayo na katikati ya vidole. Akitaka kujitazama mwenyewe, kioo kiwekwe chini sakafuni. Kabla ya kuvaa kiatu, akikung'ute na kupapasa ndani kwa mkono. Mkiona mchubuko au lengelenge, mpeleke kituo cha afya siku hiyohiyo, msingoje.

*Mwanangu wa miaka 5 analia kila asubuhi akivishwa soksi. Anasema "kuna kitu". Nikitazama hakuna. Ni deko?*
*Mama Mwenye Haraka*

Kitu kipo, ni mshono. Wapo watoto wanaousikia kwa namna ambayo mimi na wewe hatuwezi. Mpindulie soksi leo, kesho mtafutie zisizo na mshono mbele, na umwache azivute mwenyewe mpaka aridhike. Soksi mpya zifuliwe kabla ya kuvaliwa. Kama anachagua jozi ileile kila siku, nunua nyingi za aina hiyo na muendelee na maisha.

*Soksi zangu hukauka zikawa ngumu kama gome. Niongeze dawa ya kulainisha nguo?*
*Mfuaji*

Usiongeze. Dawa hiyo huupaka uzi utando, na soksi inapoteza uwezo wa kunywa jasho. Ugumu huo mara nyingi ni sabuni iliyobaki, kwa hiyo punguza sabuni na suuza mara mbili. Zifue zikiwa zimepinduliwa, kwa maji ya nyuzijoto 30 au 40, na usizikaushe kwa moto, maana joto kali huua spandeksi. Zikiwa bado na unyevu, zisugue kati ya viganja ili vitanzi vinyanyuke, kisha zianike.