Utitiri kwenye maua ya ndani: geuza jani kwanza, dawa baadaye

Kama ua lako limeanza kupauka, majani yana vidoti vidogo vidogo vya njano au vyeupe, ushaongeza maji, ushaweka mbolea, ushalisogeza dirishani na bado linazidi kuchoka tu, naomba kabla hujafanya kingine chochote ugeuze jani. Angalia upande wa chini, pale kando ya mshipa mkubwa wa katikati. Mimi kila nikimwagilia maua yangu hapo ndipo napoangalia kwanza, maana utitiri, vile vijidudu vinavyonyonya majani, mara nyingi wanaanzia hapo na ukiwawahi hapo kazi inakuwa ndogo sana.

Washa tochi ya simu, imulike kwa ubavu, tulia kidogo. Utawaona kama nukta, hawafiki hata milimita moja, ni kama nusu milimita hivi, wengine wana rangi ya kijani iliyofifia na madoa mawili meusi ubavuni, wengine wekundu, na wanatembea taratibu. Pembeni yao kuna mayai, viduara vidogo vinavyong'aa, afu kuna magamba meupe waliyojivua ambayo wengi wanadhani ni vumbi. Macho yakikataa, weka karatasi nyeupe chini ya jani uligonge gonge, subiri, vile vidoti vikianza kutembea ujue ndio wenyewe. Utando mwembamba kati ya kikonyo na shina ni dalili ya kuchelewa, wameshakuwa wengi. Ukipuliza maji kidogo huo utando unaonekana vizuri zaidi.

Usichanganye na wengine lakini. Jani likinata na sisimizi wanapanda panda, hao siyo utitiri, tafuta vidukari au wadudu magamba. Ukiona kama pamba nyeupe kwenye makwapa ya majani hiyo nayo ni kesi nyingine. Na vile vijidudu vya kahawia vinavyokimbia juu ya udongo wenye unyevu mara nyingi havina shida na ua, viache.

Sasa kwenye dawa ndio watu wanapoumia. Utitiri siyo mdudu kama nzi au mbu, ana miguu minane, ni ndugu wa buibui na kupe, kwa hiyo sumu nyingi za wadudu hazimfanyi kitu. Mbaya zaidi zinaua wale wanaomla yeye, na zile zenye kiambato kinachoitwa imidaklopridi zinajulikana kabisa kwamba zinaweza kuwafanya waongezeke. Ile ya kopo ya mbu ndio usithubutu, itaunguza majani na utitiri watabaki.

Ninachofanya mimi ni maji kwanza. Ua lenye ugonjwa nalitenga chumba kingine, nafunga mfuko wa nailoni juu ya chungu niukaze kwenye shina udongo usimwagike, afu nalilaza bafuni nalipiga maji ya presha ya kiasi, chini ya kila jani, kila jani kabisa, huku nasugua na vidole. Yale majani yaliyoharibika sana nakata, natia kwenye mfuko, nafunga, natupa nje. Hii hatua watu wanairuka kwa sababu inachosha ila ndio inayoondoa wengi sana.

Ua likishakauka ndio napuliza. Kijiko cha chai kimoja cha sabuni ya maji isiyo kali kwenye lita moja ya maji kinatosha, au mafuta ya mwarobaini kiasi hicho hicho na matone machache ya sabuni ili yachanganyike, maji yawe vuguvugu na uwe unatikisa chupa muda wote maana mafuta yanapanda juu. Jaribu kwenye jani moja usubiri mpaka kesho yake, mimea yenye majani laini kama jimbi (fern) au yenye manyoya inaweza kuungua. Puliza jioni, kamwe usipulize juani. Na hizi dawa zinaua kwa kumgusa tu, zikishakauka kwenye jani sabuni haina kazi tena, kwa hiyo sehemu ambayo haikulowa ni sehemu ambayo hukutibu.

Kinachowashinda wengi ni mayai. Dawa hizi haziyamalizi, na kwenye joto la nyuzi 27 mpaka 30 yai linafika kuwa utitiri mzima ndani ya wiki moja hivi, na jike hata asipopata dume anataga, watoto wanakuwa madume, afu anapandana na hao hao na kuendelea kutaga. Ndio maana ukipuliza mara moja, ua likapendeza, ukaacha, baada ya muda mfupi unakuta wamerudi vilevile. Rudia kila baada ya siku 5 mpaka 7, kwa wiki 3 au 4, hata kama huoni mtu. Mimi huwa siachi mpaka nigonge majani juu ya karatasi mara mbili mfululizo bila kuona kitu kinachotembea.

Usisubiri yale majani yenye vidoti yapone, hayaponi, seli zake zimeshanyonywa. Angalia majani mapya, yakitoka safi na rangi yake kamili basi umefanikiwa. Na wakati wote huo mwagilia vizuri na futa vumbi kwenye majani, maana utitiri wanapenda joto na ukavu na mmea wenye kiu wanauumiza zaidi. Kalathea, alokasia, mitende na haibiskasi ndio zinazokamatwa haraka kwa hiyo hizo nazichungulia kila wiki.

Ua lingine lolote lililokuwa limegusana majani na lile lenye ugonjwa, hata kama halina kidoti hata kimoja, lioshe siku hiyo hiyo. Na ua jipya likiingia nyumbani likae peke yake wiki 2 kwanza.