Athlon XP-M 2500+ kwenye bodi ya nForce2: kufika 2400 MHz

Umeuliza kama Athlon XP-M 2500+, prosesa ya laptopu ya AMD, ile ya kizazi cha Barton, itakubali kwenye bodi yako ya mezani ya Socket A (aina ya soketi ya prosesa) yenye chipseti ya nForce2, na mbona ikiwaka inaonyesha 800 MHz badala ya 1867 za kiwandani. Inakubali, soketi ni ileile. Hiyo 800 si ubovu. Kasi ya prosesa ni kizidishi mara FSB, yaani kasi ya njia ya data kati ya prosesa na bodi. Bodi nyingi za mezani hazijui kusoma kizidishi cha prosesa ya laptopu, basi huanzia 6 × 133. Ingia BIOS, menyu ya mipangilio ya bodi, ukiweke mwenyewe.

Utamu wake uko hapohapo: kizidishi hakijafungwa. Barton za mezani za kuanzia mwishoni mwa 2003 zimefungwa, zimebaki na FSB peke yake. Wewe una njia zote mbili, ila usizipandishe kwa pamoja, hutajua kosa limetoka wapi.

Anza na bodi. Weka FSB 200, kizidishi 9, volti 1.45. Prosesa itakuwa 1800, chini ya kasi yake ya kiwandani, kwa hiyo kosa lolote ni la bodi au RAM. RAM iwe DDR400 na uwiano wa 1:1 na FSB, maana nForce2 hupungua kasi RAM ikienda mwendo wake. AGP, njia ya kadi ya picha, ifunge kwenye 66 MHz. Ikiachwa ipande na FSB, PCI, njia ya vifaa vingine, nayo hupanda na data za diski huanza kuharibika kimyakimya. Endesha Memtest86, programu ya kupima RAM, raundi kadhaa. Ikitoa makosa, legeza taiming (nyakati za kusubiri) za RAM au ipandishe kutoka volti 2.6 hadi 2.7.

Bodi ikitulia, rudi kwenye kizidishi. Kila nusu ya kizidishi ni 100 MHz. Endesha Prime95, programu ya kuitesa prosesa, saa moja kila hatua. Ikikosea, ongeza volti 0.025 tu, urudie. Nyingi hufika 2400 (12 × 200) kati ya 1.65 na 1.75. Kwa feni ya kawaida, mimi singevuka 1.8.

Joto hupanda kwa mraba wa volti, na watu wengi hapo ndipo wanapokosea hesabu. Wati 45 za kiwandani, kwa 2400 MHz na volti 1.7, zinakuwa kama 80. Kipoozaji chepesi hakitoshi. Kifunge kwa uangalifu sana: silikoni iko wazi, haina bati juu, na kona moja ikimeguka prosesa imekufa. Pesti ya joto iwe utando mwembamba.

Ikigoma kuwaka, chomoa waya wa umeme, futa CMOS (kumbukumbu ya mipangilio ya BIOS) kwa jampa, kile kijikofia kinachounganisha pini za bodi, rudi hatua moja. Ikizima ghafla wakati joto liko sawa, pima laini ya volti 5 huku Prime95 inaendelea. Bodi nyingi za Socket A hulisha prosesa kutoka hapo, si kwenye laini ya volti 12, na ikishuka chini ya 4.75 badilisha pawasaplai kabla ya kugusa kitu kingine.