Mumeo si bubu, mwanangu

*Shangazi, shikamoo. Nina miaka tisa kwenye ndoa. Kazini naongoza watu na tunaelewana vizuri, ila nyumbani hakuna ushirikiano. Nikimwambia mume wangu tukae tupange ada na matumizi, anajibu "sawa" basi. Nimemwambia mara ngapi abadilike! Juzi alikuwa akiwasimulia wageni safari yetu, wanacheka, akakosea siku. Nikamrekebisha. Akanyamaza mpaka wageni wakaondoka. Kinachoniuma, dada yake akija wanaongea hadi usiku wa manane. Nahisi wifi anamjaza maneno. Nifanyeje?*

Marahaba, mwanangu. Pole, maana kuishi na mtu asiyekusemesha ni upweke mzito.

Sasa tuambiane ukweli. Barua yako imejaa "nimemwambia". "Nikamuuliza" sijaiona hata mahali pamoja. Anayeongea na dadaye hadi usiku wa manane ana maneno tele, ila kwako ameyafungia. Nyani haoni kundule.

Turudi kwa wale wageni. Iwe mlisafiri Jumanne au Jumatano, nani kati yao alijali? Mume wa watu yuko katikati ya hadithi, sebule nzima inacheka, wewe unamkata kauli kwa sababu ya siku! Alichojifunza pale ni kwamba akifungua mdomo mbele yako atasahihishwa. Ndiyo maana hata kwenye ada anasema "sawa": inamaliza mambo upesi. Hapo niko upande wake, na sifichi.

Wifi yako mwache kabisa. Siku akija, badala ya kumshuku, kaa utazame anavyoongea na kaka yake. Naamini utamwona akiuliza, kisha akingoja, hata jibu likichelewa.

Ndoa nyingi za siku hizi zina ugonjwa huu. Tunahudhuria semina za kusikiliza wateja. Mteja akilalamika tunatulia, tunarudia alichosema ili tuhakikishe tumemwelewa. Mwenzi akilalamika, tunamjibu kabla hajamaliza. Heshima yote inaishia ofisini, nyumbani tunafika na makombo yake. John Gottman, mtafiti wa Marekani aliyewachunguza wanandoa kwa miaka mingi wakizungumza na kugombana, aliona kuwa ndoa zinazodumu huwa na mambo mema kama matano kwa kila baya moja, hata katikati ya ugomvi. Na sumu kubwa kuliko zote aliyoiona ni dharau. Kumrekebisha mtu mzima mbele ya watu kuna harufu ya dharau, hata kama moyoni hukukusudia.

Kwa hiyo suala la ada usimwitie kikao. Muulize, "Wewe unaonaje tufanye?" kisha nyamaza. Kitapita kimya kirefu, kitakukera; kivumilie, simu iwe mbali. Akisema, mrudishie kwanza alichosema: "Kwa hiyo unaona tulipe kidogo kidogo, sivyo?" Ndipo utoe lako. Na mara nyingine lake ndilo lifuatwe, hata kama unaona lako ni bora zaidi. Nyumba si idara yako.

Ya wageni muombe radhi leo, bila kuongeza "lakini". Akikujibu "sawa" tena usimfokee wala usimkumbushe kwamba unajitahidi. Mwache alale, wiki ijayo muulize jambo jingine.