Nimetia vimeng'enya, mbona kuku hawakui?

SWALI: Mzee, salamu kutoka Malaba. Nina kuku wa nyama 200, wana wiki 5 na hawapiti kilo 1.2. Jirani alinishauri niwape vimeng'enya (enzaimu, unga wa kusaidia kuku kusaga chakula tumboni). Nilinunua pakiti, nikaimwaga kwenye gunia la kilo 70 nikachanganya kwa koleo. Chakula natengeneza mwenyewe: pumba za mahindi, soya niliyoanika na kusaga, mukene (dagaa) na chokaa. Wiki mbili sasa, sioni kitu. Niongeze dozi?
– Mama wa watoto wanne

JIBU: Usiongeze, dada. Kilichonishtua ni hiyo soya. Kuianika juani hakuiivishi. Soya mbichi ina kitu kinachozuia protini isimeng'enywe tumboni mwa kuku, na pakiti yako haiwezi kuuziba upungufu huo. Mimi mwenyewe, miaka ya nyuma kule Iganga, niliwalisha hivyo kuku 150, wakabaki wembamba hadi siku ya kuwauza. Ikaange kwenye sufuria pana, ukikoroga bila kupumzika, mpaka harufu ya ubichi iishe, ndipo usage.

Vimeng'enya vina kazi yake. Katika mahindi na soya, theluthi mbili hivi ya fosforasi imefungwa ndani ya fitati, ghala la fosforasi la mbegu, na kuku hawezi kuifungua vya kutosha. Kimeng'enya kiitwacho fitasi humfungulia, miguu ikapata nguvu. Kingine, zailanesi, huvunja nyuzi za pumba. Lakini protini isiyokuwemo havitaileta. Kwa hiyo kagua na mukene, maana nao ni protini yako. Tia konzi yake kwenye glasi ya maji, utikise: ukiona mchanga umetua chini, ulinunua mchanga. Na pumba tupu ni nyepesi mno kwa kuku wa nyama. Changanya na mahindi yaliyoparazwa.

Sasa dozi. Soma pakiti. Ikisema gramu 100 kwa tani, gunia lako linataka gramu 7 tu, na koleo haliwezi kuzisambaza. Zichanganye kwanza na kilo 1 ya pumba, kisha kilo 10, kisha gunia zima. Usitumie maji ya moto, joto huviharibu vimeng'enya.

Hawa wa sasa wape soya iliyokaangwa, uwauze ndani ya wiki mbili. Kundi lijalo tenga vifaranga 20 bila vimeng'enya, chakula kingine kile kile, uwapime kila Jumamosi pamoja na wenzao. Niandikie namba zao.