Je, Mungu anamjua muuza sambaza?

Swali: Mhariri, mwalimu wetu hapa Bukavu alisema kwamba Mungu wa Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, hujifikiri mwenyewe tu. Je, anamjua mama anayepanga mafungu ya sambaza, wale samaki wadogo, sokoni Kadutu?

Jibu: Wa Aristotle, hapana. Ibn Sina, mwanafalsafa Mwislamu aliyefariki mwaka 1037, alifundisha kwamba Mungu, kwa kuijua dhati yake (asili yake mwenyewe) iliyo chanzo cha vyote, huvijua vitu kwa njia ya jumla, si kimojakimoja kama sisi tuonavyo, kama mwanafalaki ajuaye kwa hesabu kupatwa kwa jua asikokutazama. Al-Ghazali, mwanateolojia Mwislamu aliyemfuata, aliita kauli hiyo ukafiri, kwani Kurani (6:59) yasema halianguki jani asilolijua. Jibu la Ibn Rushd, mwanafalsafa Mwislamu aliyemjibu Al-Ghazali, ndilo linalonituliza, ingawa ni gumu: elimu yetu husababishwa na vitu, ya Mungu huvisababisha, basi haiitwi ya jumla wala ya kimojakimoja.