Maswali ya Wasomaji: Mawaa ya Mwanasesere wa Zamani

SWALI: Mhariri, pokea salamu kutoka Ngamiani, Tanga. Marehemu mama yangu ametuachia sanduku, na ndani yake nimemkuta mwanasesere wangu wa vinili niliyenunuliwa miaka ya 1970. Alikuwa amefungwa ndani ya kipande cha kanga nyekundu, na sasa mguu wake mmoja umeshika wekundu ule. Sikio moja limegeuka kijani mahali penye herini, mashavu yana vidoa vyeusi kama nukta za kalamu, na mwili wote unanata. Jirani amenishauri nitumie jiki, mwingine asetoni. Nataka nimpe mjukuu wangu wa miaka miwili akiwa safi. Nifanyeje?

JIBU: Mama yetu, shikamoo. Kabla ya lolote, tunakuomba uiweke mbali jiki, na chupa ya asetoni usiifungue kabisa. Asetoni huvimbisha na kulainisha vinili, tena huondoa midomo na nyusi zilizochorwa kwa rangi kwa mpanguso mmoja tu. Jiki nayo haifikii waa lililozama, bali huishia kuudhuru uso wa juu ambao bado ni mzima.

Vinili ya wanasesere ni plastiki ya PVC, ambayo kwa asili yake ni ngumu, na kiwandani hulainishwa kwa kuchanganywa na vimiminika vya mafutamafuta viitwavyo vilainishi. Vilainishi hivyo havikufungamana na plastiki yenyewe, kwa hiyo kadiri miaka inavyopita, na hasa katika joto la pwani kama hili letu, hutoka polepole hadi juu. Huko ndiko kunata unakokusikia mkononi, na ndiyo sababu vumbi haling'oki kwa kupangusa. Ulaini huohuo ndio ulioipa rangi ya kanga njia ya kupenya, na ndiyo maana wekundu ule haukukaa juu ya mguu kama tope juu ya kiatu, bali umeingia ndani ya plastiki.

Basi kazi ya kwanza ni kujua kipi kiko juu na kipi kimezama. Chovya pamba kwenye maji ya uvuguvugu yenye tone la sabuni laini, uikamue, kisha upanguse kisogoni, chini ya nywele, mahali ambapo hata ukikosea hapataonekana. Pamba ikitoka chafu na vinili ikabaki salama, endelea mwili mzima kwa utaratibu huohuo, ukikwepa rangi za uso. Usimtumbukize katika beseni. Maji hupenya kwenye maungio, na kama macho yake ni ya kufumba na kufumbua, huenda vyuma vilivyo ndani vikashika kutu, na kutu hiyo ikazaa mawaa mapya kuzunguka macho. Kunata kutapungua kwa muda kisha kutarudi. Usikufukuze kwa poda, maana poda huchanganyika na mafuta yale ikawa utando.

Vidoa vya mashavuni tunavishuku kuwa ni kuvu, kwa sababu wako aina za kuvu wanaojilisha vilainishi vya vinili, na sanduku lililofungwa masika baada ya masika ni makao yao. Mpeleke uani, ujifunge kitambaa puani, na uvipanguse kwa brashi laini iliyo kavu kabla ya kutumia maji ya sabuni. Vikibaki baada ya hapo, ni rangi ya kuvu iliyokwisha kuzama, na kwa maoni yetu viache, kwa kuwa vimekaribiana mno na wekundu wa mashavu uliopakwa kiwandani.

Sikio la kijani ni kazi ya shaba iliyomo katika madini ya herini. Wanasesere wa Barbie wa miaka ya 1960 wanajulikana sana kwa ugonjwa huu. Itoe herini kwanza, kwa kuizungusha taratibu, kwani ikibaki hakuna dawa itakayofaa.

Kwa mguu na sikio ipo dawa moja ambayo wakusanyaji wa wanasesere wameizoea: krimu ya chunusi yenye benzoili peroksidi asilimia 10, isiyotiwa rangi ya ngozi. Vaa glavu, paka juu ya waa peke yake, funika kwa nailoni nyembamba ili isikauke, weka penye jua la asubuhi kwa saa moja au mbili, osha, kisha rudia kesho yake. Waa la kanga huenda likahitaji siku nyingi. Krimu hiyo huchujua rangi, kwa hiyo isiguse nywele, nguo wala uso. Nawe acha mara waa linapofifia, usingoje liishe kabisa, kwa sababu plastiki huweza kuendelea kupauka baadaye, na baka jeupe halirudishiki. Jua la mchana kutwa halifai, kwani nalo huigeuza vinili kuwa ya manjano.

Kuhusu mjukuu, tunakusihi asubiri. Mtoto wa miaka miwili hutia kila kitu kinywani, na baadhi ya vilainishi vya zamani vya jamii ya fthaleti ndivyo ambavyo Umoja wa Ulaya ulianza kuvipiga marufuku mwaka 1999 katika vitu vya kuchezea ambavyo watoto wa chini ya miaka mitatu huvitia kinywani. Mwache amtazame rafuni hadi akue.

Ukimhifadhi, mvishe kitambaa cha marekani kilichofuliwa, kisicho na rangi, na umweke ndani ya boksi lenye kupitisha hewa, si katika mfuko wa nailoni wala gazeti, ambalo wino wake nao huhamia kwenye vinili. Kile kipande cha kanga ya mama kitunze, ila kikae peke yake.