Nanga inaburuta usiku, nifanyeje?

SWALI: Shikamoo mzee. Nina kimashua cha tanga futi 18 hapa Nungwi, nanga ni ile ya makucha manne na kamba ya nailoni tupu. Kaskazi ikikaza, asubuhi nakuta chombo kimesogea. Ninunue nanga kubwa zaidi?

JIBU: Marahaba. Pesa yako tulia nayo kwanza. Makucha manne hushika mwamba (na kuvunja matumbawe, ndo ubaya wake) ila mchangani yanakwaruza tu yanapita, tafuta ya jembe au ya mabapa mawili. Halafu weka mnyororo mita kama 4 kati ya nanga na kamba, ule uzito ndo unalaza mpini chini nanga ichimbe. Na kamba wengi wanapima maji yakiwa yamekupwa! Bamvua (maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu) Zanzibar maji yanapanda karibu mita 4, kwahiyo ukitia nanga kwenye mita 2 usiku inakuwa 6, ongeza 1 ya kimo cha omo (mbele ya chombo) toka majini ni 7, mara 5 unaachia mita 35, upepo mkali mara 7. Pini ya pingu (kile chuma kinachounga nanga na mnyororo) ifunge waya isijifungue, na kamba inaposuguana na omo zungushia kipande cha mpira wa bomba.